Salamu za Majilio: Mabonde ya Moyoni

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa!

Mshumaa wa tatu wa shada la Majilio, kipindi chetu cha kungojea Noeli, umeshawashwa, ule wa waridi, na padre ametoka na kasula, vazi lake la juu la Misa, ya rangi hiyo hiyo, ambayo huvaliwa mara mbili tu kwa mwaka: Dominika hii ya Furahini na ile ya nne ya Kwaresima. Nawasalimu nyote, nikijua wengi wetu tumefika hapa tukihema. Kipindi chenyewe ni kifupi. Hakizidi siku 28, na Noeli ikiangukia Jumatatu zinabaki 22 tu. Wala Majilio si Kwaresima ndogo, ingawa tumezoea kuyaita hivyo: wimbo wa Utukufu katika Misa za Dominika hatuuimbi, lakini Aleluya tunaiimba.

(Shada la mishumaa, kwa wanaopenda kuuliza, tumelipata kwa ndugu zetu Walutheri. Mchungaji Johann Hinrich Wichern alilianzisha huko Hamburg mwaka 1839, kwa ajili ya watoto aliokuwa akiwalea.)

Mwaka huu neno lililoninasa ni lile ambalo Yohane Mbatizaji, katika Injili ya Luka, analichukua kwa nabii Isaya: "Kila bonde litajazwa, na kila mlima na kilima kitashushwa." Milima naijua. Kiburi, hasira, ulimi: hiyo ndiyo ninayoipeleka kwenye kitubio kila mara, kwa mpangilio ule ule, hata nahofia padre ameshaikariri. Mabonde ndiyo nimekuwa nikiyaruka. Mlima unauona tangu mbali, lakini bonde ni pale palipopaswa kuwa na kitu na hakipo. Mgonjwa niliyeahidi kwenda kumwona. Asante niliyobaki nayo moyoni, mwenyewe asiisikie. Ndugu ambaye hatujagombana hata siku moja, ila tumeacha tu kutafutana. Katika Misa tunajipiga kifua kwamba tumekosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu, na hayo ya mwisho huwa nayamalizia haraka haraka, akili ikiwa imeshafika kwenye sala inayofuata.

Mbele kidogo katika Injili hiyo hiyo, watu wanamuuliza Yohane: tufanye nini basi? Kwa mtu wa jangwani, mla nzige na mvaa singa za ngamia, ningetegemea awaagize mfungo mkali. Lakini anasema mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Watoza ushuru wasitoze kupita walivyoamriwa. Askari wasimdhulumu mtu, na mshahara wao uwatoshe. Hamwambii hata mmoja aache kazi amfuate nyikani. Kila mtu anarudi alikotoka, na bonde lake liko huko huko.

Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux aliwafundisha wamonaki wake kwamba Bwana anakuja mara tatu: alikuja katika mwili, atakuja katika utukufu, na katikati kuna ujio wa siri, anaokuja rohoni mwetu sasa. Huo wa katikati ndio unaonitia hofu kidogo, kwa sababu hauna tarehe.

Kuanzia tarehe 17 Desemba, katika Masifu ya Jioni, yaani sala yake ya kila jioni, Kanisa linaanza kumwita kwa majina saba, moja kila siku: Ee Hekima, Ee Adonai, Ee Shina la Yese, Ee Ufunguo wa Daudi, Ee Mapambazuko, Ee Mfalme wa Mataifa, na tarehe 23, Ee Emanueli. Kwa Kilatini, ukichukua herufi ya kwanza ya kila jina ukizisoma kutoka la mwisho kurudi la kwanza, unapata "Ero cras": kesho nitakuwapo. Siku saba, mabonde saba. Sina hakika nitaweza yote, lakini mawili matatu nimeshayaandika kwenye karatasi, kwa majina ya watu.

Basi niwatakie Noeli njema mapema. Kwa mtakaokuwa zamu usiku ule, mtakaokuwa hospitalini, na mnaoikabili sikukuu ya kwanza bila mtu aliyekuwa akikaa nanyi mezani, nawaombea kwa namna ya pekee. Mama Bikira Maria, aliyemngoja kuliko sisi sote, awashike mkono.

Nanyi niombeeni. Jina la kwanza kwenye karatasi yangu ni la huyo ndugu, na leo jioni nampigia simu.