Vikundi vya biogesi vihesabu moto, si mashimo

Ndugu Mhariri,

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Kwa vijiji vya miteremko ya Meru na Kilimanjaro, ambako ng'ombe wa maziwa hukaa bandani na kukatiwa majani, nishati hiyo ipo nyuma ya nyumba: ni samadi, ambayo ikioza ndani ya mtambo uliofungwa hutoa biogesi, gesi ya kupikia. Wala mtambo wake si mgeni. CAMARTEC ya Arusha, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, ikishirikiana na Wajerumani, ilibuni mtambo wa kuba (shimo lililojengewa na kuezekwa kwa paa la mviringo linalohifadhi gesi) unaofaa mazingira yetu katika miaka ya 1980, na kuanzia 2009 programu ya taifa ya biogesi ya majumbani ilifundisha waashi mikoani. Waliouingiza vitongojini ni vikundi: akina mama, wafugaji, wana VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa). Tunaviheshimu vikundi hivyo, na ndiyo maana tunaandika. Taarifa zao hutaja mitambo mingapi imejengwa. Tungependa zitaje mingapi inawaka. Mtambo uliozimika humrudisha mama kwenye kuni, na jirani aliyeuona umezimika hataki tena kusikia habari za biogesi.

Mengi huharibika kabla jembe halijagusa ardhi. Gesi hutoka kwenye samadi, haitoki kwenye ukubwa wa shimo. Kilo moja ya samadi mbichi ya ng'ombe hutoa takriban lita 40 za gesi. Jiko la nyumbani la pua moja hula kati ya lita 300 na 400 kwa saa. Kwa hiyo kilo 25 kwa siku hutoa lita 1,000 hivi, yaani saa mbili na nusu hadi tatu za moto: chai ya asubuhi, ugali na mboga, na maji kidogo ya kuoga. Maharage yalowekwe usiku, la sivyo yatamaliza gesi ya siku nzima. Mwenye ng'ombe wawili wa maziwa wanaolala na kushinda bandani anazipata kilo hizo bila shida. Mwenye ng'ombe watatu wa kienyeji wanaoshinda machungani anaokota ya usiku tu, na hapo hesabu inakuwa ya kubahatisha. Mtu kama huyo asishawishiwe kuchimba. Apewe jiko banifu, linalotumia kuni kidogo, kikundi kimrudie atakapofungia ng'ombe.

Tumeona pia tabia ya kutaka mtambo mkubwa kwa heshima. Mtambo wa mita za ujazo 9 unaolishwa samadi ya mtambo wa mita 4 hautoi gesi ya mtambo wa mita 9. Unakula saruji zaidi bure, basi. Kikundi kipime samadi kwa ndoo na mizani siku saba mfululizo, bila kumtegemea mwenye nyumba akadirie kwa mdomo, ndipo ukubwa uchaguliwe. Maji nayo yapimwe vivyo hivyo, kwa sababu kila ndoo ya samadi inataka ndoo ya maji. Kisima kikiwa mbali zaidi ya dakika kumi na tano, kulisha kutakoma kiangazi cha kwanza. Mkojo wa ng'ombe unaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya maji, hivyo sakafu ya banda ijengwe kwa mteremko unaoleta vyote viwili kwenye sinki la kuchanganyia.

Kwenye ujenzi tutagusa mambo matatu ambayo kikundi kinaweza kuyasimamia bila kuwa fundi. La kwanza ni kuba. Ramani ya CAMARTEC ina pete dhaifu kwa makusudi kati ya sehemu ya chini na kuba la gesi, ili ufa ukitokea chini uishie hapo na usipande juu. Mwashi asiyeijua sababu huiona ni kosa, akaiimarisha kwa saruji nzito. Ufa unapokuja unapasua kuba lenyewe. La pili ni maji ya kumwagilia. Ndani ya kuba hupigwa tabaka za niru (saruji iliyokorogwa na maji) na lipu kwa kupokezana, na tabaka hizo zisipowekwa unyevu walau siku saba hupasuka nyufa nyembamba kama nywele. Jicho halizioni. Gesi inaziona. Mwenye nyumba apewe jukumu la kumwagilia asubuhi na jioni, na mwanakikundi apite kuhakiki. La tatu ni udongo wa kufukia: urudishwe kwa tabaka, ukishindiliwa pande zote kwa pamoja, kwani ukijazwa upande mmoja husukuma kuba.

Kujaza mara ya kwanza ndipo kikundi kinapofaa kuliko wakati wowote. Mtambo mdogo wa mita 4 unahitaji takriban tani moja na nusu ya samadi, na nyumba moja ikiikusanya peke yake ile ya mwanzo itakuwa imekauka. Uitishwe msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji: kila jirani alete ndoo zake mbichi, zijazwe ndani ya siku chache. Samadi iliyokauka juani haifai. Yenye udongo na mchanga hutuama chini na kula nafasi mwaka hadi mwaka. Yenye majani marefu hupanda juu, ikatanda utando mgumu unaozuia gesi. Gesi huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, na kwenye baridi ya juu mlimani huchelewa zaidi. Ile ya kwanza ina hewa ndani yake na inaweza kulipuka, kwa hiyo iachiliwe nje, mbali na moto. Kiberiti kisiwashwe kamwe kwenye bomba la kuba. Moto huwashwa jikoni, kwenye jiko, na si penginepo.

Baada ya hapo mtambo unataka mlo kila siku. Ukilala njaa wiki mbili, vijidudu vinavyotengeneza gesi hupungua na kuamka kwao huchukua muda. Kinachowaua kabisa ni sabuni ya unga, dawa za kuoshea banda, na samadi ya ng'ombe aliyetibiwa kwa antibiotiki, kwa mfano wa ugonjwa wa kiwele. Samadi ya ng'ombe huyo ipelekwe kwenye lundo la mboji mpaka muda wa dawa uishe.

Sasa matatizo, maana wengi hukata tamaa kwa hitilafu ya kutengenezwa ndani ya dakika tano. Moto ukipumuapumua, ukawa unapanda na kushuka, ni maji ndani ya bomba. Gesi hutoka na mvuke, mvuke hugeuka maji, na maji hukaa pale bomba lilipolala. Bomba linapaswa kuteremka walau sentimita moja kwa kila mita kuelekea kwenye mtego wa maji, na koki ya mtego ifunguliwe kila wiki. Moto wa njano unaotia masizi kwenye sufuria unakosa hewa. Fungua pete ya hewa ya jiko mpaka uwe wa bluu. Ukiruka na kuzimika, hewa imezidi. Jiko la gesi ya mtungi lililoungwa moja kwa moja litatoa moto mdogo mno hata gesi ikiwa tele, kwa sababu tundu la pua yake ni jembamba kwa biogesi. Hilo si kosa la mtambo.

Gesi ikipungua bila sababu, usianze kulaumu ng'ombe. Funga koki kuu usiku, asubuhi tazama chumba cha nje kinakotokea tope, yaani samadi iliyokwisha kutoa gesi. Gesi inapojaa kwenye kuba husukuma tope lipande katika chumba hicho, na inapotumika tope hushuka. Likiwa limepanda, kuba ni zima, na tatizo liko kwenye bomba au jiko. Pitisha povu la sabuni kila kiungo. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Kutafuta uvujaji kwa njiti ya kiberiti ni kutafuta kifo. Tope lisipopanda, na mtambo umelishwa vizuri, angalia kwanza koki na kiungo cha juu ya kuba, ndipo umwite mwashi. Mabomba ya plastiki yaliyoachwa juani hukauka na kupasuka, kwa hiyo yafukiwe. Koki za chuma cha kawaida huliwa na gesi yenye harufu ya yai viza, zibadilishwe kabla hazijakwama.

Tope linalotoka lisimwagwe mtaroni. Likichanganywa na majani kwenye mashimo mawili yenye kivuli, moja likijazwa huku jingine likiiva, ni mbolea nzuri ya migomba na kahawa. Likiachwa juani hupoteza naitrojeni.

Je, kikundi kifanye nini kwa haya yote? Kila mitambo kumi hadi kumi na mitano iwe na msimamizi mmoja, mwenye daftari na sanduku dogo: spana mbili, koki mbili za akiba, mpira wa jiko, tepu ya viungo, pua za akiba. Apite kila nyumba mara moja kwa mwezi, aandike mambo manne tu: ndoo zinazolishwa, saa za moto, hali ya mtego wa maji, kilichobadilishwa. Alipwe. Kazi ya kujitolea hufa msimu wa kulima unapofika. Mchango wa kila nyumba kwa mwaka uwe bei ya gunia moja la mkaa, ukusanywe pamoja na hisa za VICOBA ili usidaiwe peke yake. Halmashauri nazo zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana wenye vifaa vya kukarabati kinastahili mkopo huo kama kinavyostahili cha bodaboda. Na wafadhili tunawaomba wabakize sehemu ya malipo ya kila mtambo mpaka miezi 24 ipite na moto uonekane.

Jambo la mwisho halina mjadala. Hakuna mtu wa kuingia ndani ya mtambo kuuzibua, hata kama umekaa miezi mitatu bila kutoa gesi, hata kwa dakika moja. Ndani yake hewa ya kupumua imefukuzwa, na anayeshuka kumwokoa mwenzake huanguka juu yake. Mtambo unaohitaji kusafishwa humwagwa tope kutokea nje na kuachwa wazi, fundi mwenye vifaa ndiye anayeamua. Watoto na mbuzi wazuiwe kwa mifuniko ya zege. Tunaviomba vikundi vyote viandike juu ya kila mfuniko, kwa rangi isiyofutwa na mvua: USIINGIE.

Mafundi na wasimamizi wa mitambo ya biogesi,
Arumeru, Arusha