Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Wenzetu Wanaoanza Usimamizi wa Miradi

Ndugu wanachama,

Masuala ya fedha atayaeleza mhazini, na kumbukumbu za vikao mnazo mikononi. Nafasi yangu nitaitumia kwa jambo lililoishughulisha kamati kuliko mengine yote mwaka huu, nalo ni namna tunavyowapokea wenzetu wapya wanaotaka kuishi kwa kazi ya kusimamia miradi.

Karibu wote wanauliza swali moja: nianze na cheti gani? Kamati imekubaliana kuwajibu kwa kauli moja. PMP, cheti cha mameneja wa miradi wenye uzoefu kinachotolewa na PMI, taasisi ya kimataifa ya usimamizi wa miradi, si cha kuanzia. Mwenye shahada anatakiwa awe ameongoza miradi kwa miezi 36, mwenye elimu ya sekondari miezi 60, na juu yake saa 35 za mafunzo. Anayeanza aende CAPM, cheti cha PMI cha ngazi ya kuanzia, inayodai elimu ya sekondari na saa 23 za mafunzo, au PRINCE2 ngazi ya msingi, cheti cha njia ya kusimamia miradi iliyotoka Uingereza, isiyodai uzoefu wowote. Achague kati ya hivyo viwili kwa kusoma matangazo ya kazi anazozitamani.

Penye utata ni kwenye hiyo miezi. Aliyeendesha miradi miwili ndani ya miezi sita ile ile ana miezi sita, hana kumi na miwili. Wapo pia wanaojipunja wakidhani cheo cha meneja mradi ni sharti. Si sharti. Mtu aliyepanga ratiba, akagawa majukumu, akafuatilia bajeti na kuwajibika kwa wadau ameongoza mradi, hata kama barua yake ya ajira inamwita ofisa. PMI huyakagua baadhi ya maombi, na mwombaji hutakiwa kuleta saini za watu wanaoijua kazi yake. Kwa hiyo tumepitisha kwamba hakuna mlezi, yaani mwanachama mzoefu anayemwongoza anayeanza, atakayetia saini kazi asiyoishuhudia, hata akiombwa na ndugu yake. Najua uamuzi huu umewaudhi baadhi yenu. Naomba tuushike, kwa sababu saini ya uongo huharibu jina la wote waliosainiwa kwa haki.

Kuhusu ulezi, tumeacha mazungumzo ya jumla juu ya malengo ya maisha. Sasa kijana anakuja na karatasi ya kazi yake halisi. Nilikaa kwenye kikao kimoja ambapo binti mmoja alileta daftari la vihatarishi, yaani orodha ya mambo yanayoweza kuukwamisha mradi, safi kabisa, uwezekano na athari zimepewa alama na rangi. Ila kwenye safu ya mhusika, kila mstari uliandikwa "timu". Mlezi wake akaweka kidole kwenye mstari wa vifaa kuchelewa, akamuuliza, "Mzabuni akikwama Jumatatu, nani anapiga simu?" Binti akataja jina, akaliandika. Wakashuka hivyo mstari kwa mstari, na palipokosekana jina ikabidi akamwombe mkuu wake kazini apange mtu. Mtihani wa CAPM una maswali 150 ya kujibiwa kwa saa tatu, na mtu anaweza kuufaulu bila kubanwa na swali kama lile. Kwangu, kikao kile ndicho kazi bora kuliko zote tuliyoifanya mwaka huu.

Tatizo letu ni walezi. Wengi wakishapata PMP hatuwaoni tena, wakati wenye cheti hicho wanahitaji pointi 60 za kujiendeleza kila baada ya miaka mitatu, na muda wa kumlea mwenzako unakubalika kama sehemu ya pointi hizo.

Kamati inapendekeza mlezi asipewe vijana zaidi ya wawili, na wakutane kila baada ya wiki mbili. Tutalipigia kura baada ya taarifa ya mhazini. Mlio tayari kulea, fomu ziko kwa katibu, naye atazipokea leo kabla hatujafunga mkutano.