Risala ya Wanafunzi wa Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Pomboo Wanaonyonyesha wa Ghuba ya Menai

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na waalimu wetu,
Sheha, manahodha, wavuvi na wazee wetu,
Wanafunzi wenzetu,

Assalaamu alaykum.

Kwanza tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha hapa Kizimkazi tukiwa wazima. Tunakushukuru nawe, Mheshimiwa, kwa kuitikia wito wetu. Miti tuliyoipanda na ufukwe tulioufagia utaviona kwa macho yako utakapotembezwa. Muda wa risala hii tunaomba tuutumie kumsemea pomboo jike mwenye mtoto mchanga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ghuba ya Menai, hapa kusini mwa Unguja, ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1997. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, wapo waliokuwa bado wakiwavua pomboo wa hapa kwa ajili ya chambo cha papa. Wazee waliokaa nasi leo wanaikumbuka kazi hiyo, na tunawapongeza kwa kuiacha. Pomboo wanaokaa ghubani ni wa aina mbili. Wa kwanza ndiye anayefuatwa na wageni wa utalii kila asubuhi, na katika hesabu zilizofanywa miaka ya mwanzo ya 2000 hawakufika 200. Wa pili ana nundu mgongoni, anapenda maji mafupi zaidi, na idadi yake ilikuwa kiasi cha 60. Huyu wa nundu yumo katika orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini kutoweka. Pomboo jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja, kwa hiyo kwa idadi kama hiyo kila mtoto anayekufa ni hasara kubwa.

Wengi wetu tulikua tukidhani pomboo hula samaki yeyote anayekatiza mbele yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulitufundisha zaidi. Watafiti walichunguza matumbo ya pomboo 26 wa Unguja, wa aina ile ya kwanza, waliokufa kwa kunaswa kwenye majarife, yaani nyavu za kutega. Humo walikuta vijiwe vidogo vya masikio ya samaki na midomo migumu ya ngisi, vitu ambavyo haviyeyuki upesi, na kwa hivyo wakatambua aina 50 za samaki na aina 3 za jamii ya ngisi. Wakubwa walikuwa wamekula zaidi mkunga wa aina moja anayeishi kwenye tope na mchanga. Wale ambao hawajapevuka walikuwa wamekula zaidi visamaki vidogo vya kwenye miamba. Chakula chote hicho hupatikana karibu na pwani. Ina maana kwamba mwamba na mchanga tunaouona kutoka hapa tulipokaa ndilo jiko lao.

Kwa mama anayenyonyesha jambo hili ni zito zaidi. Katika pwani ya KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, wapo pomboo wa aina hiihii, na uchunguzi wa matumbo ya walionaswa kwenye nyavu za kuzuia papa ulionesha kuwa majike wenye watoto hula karibu na ufukwe, wakati madume makubwa hujilisha mbali kidogo. Sababu tunaielewa. Mama anahitaji chakula kingi kuliko kawaida yake, kwa kuwa maziwa yake ni mazito yenye mafuta mengi, na mtoto hawezi kumfuata kwenye kina kirefu wala kukaa chini bila kupumua kwa muda mrefu.

Kunyonya kwenyewe ni kazi. Chuchu za mama zimefichwa ndani ya mikunjo miwili karibu na mkia. Mtoto huzama, hujipenyeza chini ya tumbo, huukunja ulimi kuikamata chuchu, hupata maziwa kwa sekunde chache tu, kisha hupanda juu kuvuta pumzi na kurudi tena. Mama naye hupunguza mwendo ili mtoto asimkose. Hata baada ya kuanza kukamata visamaki, mtoto huendelea kunyonya kwa miaka mitatu au zaidi.

Sasa Mheshimiwa, mashua zikija kwa pamoja, mashine zikinguruma na wageni wakirukia majini mbele ya pomboo, mama hawezi kupunguza mwendo. Watafiti waliowafuatilia pomboo wa hapahapa Kizimkazi waliona kuwa mashua zinapozidi, majike huanza kwenda huku na huko bila mwelekeo, na kwamba muda wa kupumzika na wa kutafuta chakula hupungua. Tunalisema hili kwa heshima, kwani wengi wetu ni watoto wa manahodha, na daftari na sare tulizovaa zimenunuliwa kwa fedha za wageni hao. Hatuombi kazi hii ifungwe. Tunachoomba ni kwamba kundi lenye mtoto mchanga liachwe.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utusaidie kuyafikisha haya panapohusika. Kuwe na kanuni yenye nguvu, siyo ushauri tu, kwamba nahodha akiona mtoto ubavuni mwa mama yake azuie wageni wasiingie majini na aondoke taratibu. Kuwe na saa za mchana ambazo ghuba inaachwa bila mashua za wageni. Wavuvi wa majarife nao wakae na wataalamu wakubaliane sehemu za kutotega, kwani jarife halichagui, na mama akinaswa mtoto anayenyonya hana pa kwenda. Kwa upande wa klabu, tunaomba darubini mbili na daftari la kumbukumbu, tuweze kukaa juu ya jabali na kuandika ni wapi na saa ngapi mama wenye watoto wanaonekana. Daftari hilo tutalikabidhi kwa wasimamizi wa hifadhi kila mwisho wa muhula.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanafunzi wa Klabu ya Mazingira,
Kizimkazi, Unguja