Ghala la mfalme wa China na mahindi yetu ya Kibaigwa

Ndugu mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Juzi nilikuwa stendi nasubiri gari ya kwenda Dodoma mjini, nikawa napitia kwenye simu habari za China ya zamani enzi za utawala wa Han, ile ya kuanzia 206 KK mpaka 220 BK, nikijua nitasoma vita na wafalme tu, kumbe nasoma habari za kwetu Kibaigwa.

Wakulima wa kaskazini kule walikuwa wanalima nafaka za punje ndogo jamii ya uwele wetu, yani Mgogo angejisikia nyumbani. Kodi ya mazao mwaka 156 KK ilishushwa mpaka fungu 1 kwenye mafungu 30, ukisikia hivyo utasema jamaa walikuwa wanakula bata. Wapi! Kulikuwa na kodi ya kichwa, sarafu 120 kwa mtu mzima, na hiyo hawapokei gunia, wanataka hela. Sasa hela mkulima anaitoa wapi kama sio kuuza kipindi kilekile kila mtu anauza? Ofisa mmoja anaitwa Chao Cuo alimwandikia mfalme kabisa, kwamba mwenye nafaka anauza nusu bei, asiye nayo anakopa halafu analipa mara mbili, mwisho linauzwa shamba, inauzwa nyumba, wanauzwa mpaka watoto. Wakati huo wafanyabiashara walishakatazwa kuvaa hariri na walikuwa wanavaa tu.

Mi hapo nikajiona mwenyewe. Mwaka jana mwezi wa sita niliuza mahindi kwa sababu ya ada, dalali kaja na lumbesa yake ile gunia imevimba kama ina mimba, nikakubali maana ningefanyaje, alafu mwezi wa pili nikaenda sokoni kununua mahindi, mimi mkulima, tena kwa debe.

Baadaye chini ya mfalme Xuan wakapata mavuno mazuri mfululizo, bei ikaanguka mpaka sarafu 5 kwa shi moja (shi yao ilikuwa kama lita 20, si ndio debe hilo!). Neema ikawa balaa kwa mkulima. Mwaka 54 KK Geng Shouchang akashauri yajengwe maghala kwenye majimbo ya mpakani: bei ikishuka serikali inanunua kwa bei ya juu kuliko sokoni, ikipanda inauza kwa bei ya chini. Basi, hamna semina wala warsha. Kweli mwaka 44 KK yalifutwa, wasomi wakilalamika kwamba serikali inagombania faida na wananchi, na hoja hiyo siidharau, maana ghala likishikwa na wajanja linageuka dalali mkubwa kuliko wote. Lakini tawala zilizofuata ziliyarudisha tena na tena.

Sisi tunao Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, kwahiyo hatuanzi sifuri. Ombi langu ni kalenda na mzani tu: ununuzi uanze mwezi wa sita mkulima akiwa na mahindi na hana hela, vituo visogee vijijini, na ipimwe kilo sio gunia. Mwaka huu nina gunia saba ndani, na dalali kashapiga simu mara mbili.

Msomaji wako,
Kibaigwa, Kongwa