Franga Iko, Lakini Haiko ya Kula: Barua ya Wazi kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Sakina, hapa hapa Arusha. Mimi ni mhasibu. Kwa miaka kumi na saba nimeandika vitabu vya hesabu vya asasi zinazoishi kwa fedha za wafadhili, hapa mjini na kwetu Moshi. Nakuandikia kuhusu fedha iliyokuwa ndani ya nyumba moja na watoto wenye njaa, na ikakatazwa kuguswa.

Mwaka 2019 nilikaa dawati moja na mwanamke wa Goma, mashariki mwa Kongo, kwenye mafunzo ya utunzaji wa fedha, Njiro. Jina lake na la chama chake siyaandiki, kwa sababu bado anaishi kule. Ni mweka hazina wa chama cha akina mama kinachosaidia wajane na wasichana waliobakwa vitani. Tangu siku zile ananiita yaya, yaani dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwao, na kila robo mwaka hunitumia hesabu zake kwa WhatsApp nizipitie kabla hajazipeleka kwa mfadhili.

Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma. Umeme na maji vikakatika, mabenki yakafunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa. Kanisa la mtaani kwake likajaa watu waliokimbia makambi. Yeye alikuwa na dola mkononi, alizozitoa benki wiki moja kabla, kwa ajili ya mafunzo ya ujasiriamali ya wanawake 40: kukodi ukumbi, posho, chakula cha mchana, kalamu na daftari. Mafunzo hayo hayangewezekana tena, na mtu yeyote aliyesikia milio ya bunduki alilijua hilo. Akamwandikia mfadhili kuomba fedha ile igeuzwe kuwa unga, maharage, makaa na dawa ya kusafisha maji. Barua iliondoka usiku, mtandao ulipopatikana kwa dakika chache. Kisha akanitumia ujumbe wa sauti: "Yaya, franga iko, lakini haiko ya kula." Franga ni fedha kwa Kiswahili cha kwao.

Jibu la mfadhili lilifika wiki ya sita. Ruhusa ilitolewa, ila kwa masharti: proforma tatu, yaani makadirio ya bei kutoka maduka matatu, kwa kila bidhaa, risiti zenye mihuri, orodha ya walengwa yenye sahihi na picha, na fungu lolote la bajeti lisihamishwe kwa zaidi ya asilimia 10.

Akina mama wale hawakuwa wamesubiri. Wiki ya pili walikaa, wakakubaliana, wakanunua unga, na kila kilo wakaiandika kwenye daftari la shule: siku, muuzaji, bei, nani alibeba, sufuria ngapi zilipikwa, watoto wangapi walikula. Mfadhili alipoziona hesabu hizo aliandika kuwa ni gharama zisizokubalika, na chama kirudishe fedha. Hadi leo deni hilo limo kwenye vitabu vyao. Daftari lile nimelipitia kwa picha, ukurasa kwa ukurasa. Nimekagua hesabu za ofisi zenye viyoyozi na mifumo ya kompyuta, na nasema kwa dhamana ya taaluma yangu kwamba sijaona hesabu nyingi safi kama zile.

Nizungumze kidogo kuhusu proforma tatu, maana ndizo zimebeba imani yote ya wafadhili. Sisi tulio kwenye kazi hii tunajua zinavyopatikana hata wakati wa amani. Mwenye duka mmoja mwenye moyo wa kusaidia anakuandikia zote, kwenye karatasi za maduka matatu ya ndugu zake, na aliyepangwa kushinda anashinda. Nimeziona kwa macho yangu, nikazikataa, na zaidi ya mara moja nikaonekana mgumu. Sasa ukipeleka sharti hilo Goma ya Februari 2025, ambako muuzaji ni mama aliyekaa barabarani na gunia moja la unga, asiye na muhuri wala mashine ya risiti, hujamzuia mwizi. Umemzuia mpishi.

Sisi wenyewe tuna namna nyingine ya kulinda fedha ya dharura, na hatujaifikiria kuwa ni elimu. Kwetu Uchagani mtu akifiwa, kamati inaundwa kabla jua halijazama. Mweka hazina anateuliwa mbele ya watu, daftari linafunguliwa, na michango inaingia huku matumizi yakitoka: sanduku, gari, mchele, turubai. Hakuna anayeambiwa asubiri kikao cha robo mwaka. Lakini siku ya kuanua tanga mapato na matumizi yanasomwa hadharani, aliyechanga elfu mbili anasikia jina lake kama aliyechanga laki tano, na waliopo wote wanajua bei ya sukari dukani. Mweka hazina aliyekula fedha ya msiba hana pa kuweka uso wake kijijini. Huo ni ukaguzi, na ni mkali kuliko mwingi ninaoufahamu. Akina mama wa Goma walifanya vivyo hivyo: kila Jumamosi walisoma daftari kanisani, mbele ya waliokula.

Wasudani nao wana neno lao, nafeer, kuitana kufanya kazi ya pamoja. Vita vilipoanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023 na mashirika makubwa yakaondoa watu wake, vijana wa mitaa waliunda Vyumba vya Dharura. Wakawasha majiko ya jamii, wakatengeneza nyaya za umeme na mabomba ya maji, wakahamisha wagonjwa. Fedha nyingi zilipita kwenye simu, kupitia programu ya benki iitwayo Bankak. Mwaka 2025 walitunukiwa tuzo ya haki za binadamu ya Rafto ya Norway. Lakini mapema mwaka huo huo, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mamia ya majiko yao yalizimika. Mikono ilikuwepo, sufuria zilikuwepo, watu wa kula walikuwa kwenye foleni. Kilichokosekana ni fedha kutoka mahali pengine pa kuziba pengo lile haraka.

Hapo ndipo ninapozitazama taasisi za hisani, zile zinazogawa fedha binafsi na si za serikali, Mheshimiwa. Fedha ya serikali ina bunge, ina sheria za manunuzi, inageuka na uchaguzi. Taasisi ya hisani ina bodi ya watu wachache. Ikitaka, inaamua mchana mmoja. Inaweza kusema: chukueni, hatuwapangii, tuambieni mlichofanya. Kwa hiyo inaniuma kuona taasisi yenye uhuru huo ikijifunga kamba za serikali, kisha ikazifunga tena kwa chama cha akina mama walio chini ya mabomu. Mmarekani MacKenzie Scott amegawa mabilioni ya dola kwa asasi bila kuwachagulia la kufanya. Nafahamu kuwa sehemu kubwa haikwenda kwenye vita. Hata hivyo inaonyesha kuwa jambo hili linafanyika, na kwa fedha nyingi.

Wafadhili wakubwa na mashirika waliahidi Istanbul mwaka 2016 kwamba ifikapo 2020 angalau asilimia 25 ya fedha za misaada ya dharura ziwafikie wenyeji kwa njia fupi iwezekanavyo. Mwaka 2020 ulifika na kupita, na zilizowafikia moja kwa moja hazikuwa hata asilimia 5.

Na hizo kidogo zinazofika, zinafika zikiwa zimekatwa miguu. Shirika la Umoja wa Mataifa likipokea ruzuku hukata karibu asilimia 7 kwa gharama za kuendesha ofisi zake, na hakuna anayeshangaa. Asasi ya mwenyeji iliyo mwisho wa mnyororo, ambayo ndiyo inabeba gunia, mara nyingi haipewi kitu kwa kazi hiyo. Dada yangu wa Goma alikaa miezi mitano bila mshahara, kwa sababu mshahara wake ulikuwa umefungwa ndani ya mradi wa mafunzo, na mafunzo yalisimama. Miezi hiyo mitano ndiyo aliyofanya kazi kuliko wakati wowote wa maisha yake. Kodi, mafuta ya jenereta, vocha za simu, pikipiki ya kubeba mgonjwa: vyote hivyo huitwa gharama za uendeshaji, na wafadhili wengi huviona kama fedha iliyopotea. Vitani hivyo ndivyo kazi yenyewe.

Kisha kuna roho za watu. Mwaka 2024 waliuawa wafanyakazi wa misaada 383 duniani, na walio wengi walikuwa wenyeji wa nchi zile zile. Mgeni ana bima, ana ndege ya kumtoa. Mweka hazina niliyemsimulia hana bima, na hakuna bajeti aliyowahi kuandika iliyoruhusiwa kuwa na fungu la kumhamisha yeye na watoto wake kwa mwezi mmoja hali ikichafuka. Niliwahi kumshauri aliweke. Likafutwa, kwa maelezo kwamba halihusiani na malengo ya mradi.

Najua kuna hofu, na sitaipuuza: fedha huru inaweza kuangukia mikononi mwa wenye bunduki. Inaweza. Lakini vizuizi vya barabarani hukamua lori la shehena kwa urahisi kuliko vinavyokamua wanawake ishirini walionunua kidogo kidogo mitaani mwao. Na pale hasara itakapotokea, maana itatokea, swali ni nani aibebe. Leo anabebeshwa mnyonge kuliko wote, kwa barua ya "gharama zisizokubalika". Ningependa mikataba ya wakati wa vita itaje tangu mwanzo kiasi cha hasara ambacho mfadhili yuko tayari kukimeza, kama mkulima anavyohesabu mbegu zitakazoliwa na ndege.

Kwa nini nakuandikia wewe, ambaye si mfadhili? Kwa sababu Kongo na Sudan Kusini ni nchi wanachama wa Jumuiya hii, kwa hiyo vita vyao viko ndani ya nyumba yako. Kwa sababu Mkataba wa Jumuiya uliosainiwa hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, katika Ibara ya 127, unamtaka Katibu Mkuu awe mwenye jukwaa la mashauriano na asasi za kiraia. Jukwaa hilo limekuwepo kwa miaka, na mara nyingi mazungumzo yamekuwa ya biashara na ushuru. Naomba safari hii uwaite wakuu wa taasisi za hisani zinazofanya kazi katika ukanda wetu, uwaketishe meza moja na waweka hazina wa Goma, Bukavu, Juba na Malakal. Waweka hazina, si wakurugenzi pekee. Wao ndio wanaojua fungu lipi lilikwama siku gani. Na kikao kifanyike kwa Kiswahili na Kifaransa pia, maana nimeona asasi nzuri zikishindwa kwa sababu andiko la mradi lilidaiwa Kiingereza, na mwandishi wa kukodi akala fedha iliyokuwa ya dawa.

Jambo jingine liko mikononi mwako zaidi kuliko mwa wafadhili. Asasi ya Bukavu ikikimbilia Bujumbura au Kigoma, inakuwa kama haijawahi kuwepo. Usajili wake hautambuliki, haiwezi kufungua akaunti, na hati yake ikiisha muda, ofisi ya kuihuisha iko upande wa pili wa mapigano. Mfadhili mwenye nia njema naye anakwama hapo. Jumuiya iliyotuwezesha kuvuka mipaka na nyanya na mahindi inaweza kuzishawishi nchi wanachama ziitambue kwa muda asasi iliyohamishwa na vita, na kuzungumza na mabenki kuu ili ipate akaunti.

Mji wetu una deni pia. Mkataba wa amani ya Burundi ulisainiwa hapa tarehe 28 Agosti 2000. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa hapa hadi mwisho wa 2015, na kwa miaka hiyo yote nyumba zetu zilipangwa, hoteli zetu zilijaa, wahasibu kama mimi tulipata kazi. Tumekula mkate uliotokana na machozi ya majirani. Sisemi tuone aibu. Nasema tunawajua, na tuna sababu ya kuwasemea.

Wiki iliyopita dada yangu alinitumia picha ya daftari lile. Zimebaki kurasa nane tupu. Aliniuliza kama aendelee kuandika humo humo au anunue jipya, maana hajui kama la zamani litahitajika kama ushahidi wa deni. Nilimwambia aendelee kuandika.

Wako mtiifu,
Mhasibu, mkazi wa Sakina, Arusha