Jumamosi Raskazone: tutakuwa na wenzetu viziwi wasioona

Assalaam alaykum na habari za jioni, wanakikundi. Jumamosi saa 3 asubuhi tunakutana Raskazone, hapa Tanga, pamoja na ndugu zetu viziwi wasioona na wakalimani wao. Fimbo yenye mistari myeupe na myekundu ndiyo alama yao.

Ukimkaribia mmoja wao, mguse begani taratibu, subiri akupe mkono, ndipo umwandikie jina lako kiganjani kwa kidole, herufi kubwa moja moja. Usimvute, mwache ashike kiwiko chako. Ukiondoka mjulishe, maana wengi huachwa wakizungumza na hewa, na jambo hilo linaniuma sana. Maneno yako yaelekeze kwake, si kwa mkalimani.

Mama zetu wa chai, vikombe visijae pomoni. Nani ana gari la kuwachukua wenzetu viziwi wasioona kutoka Ngamiani?