Barua ya malalamiko: Tulilipia Kwihara, hatukufikishwa Kwihara

Ujiji,
Kigoma.
18 Julai 2024

Meneja,
Kampuni ya Utalii,
Kigoma.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU ZIARA YA TABORA YA TAREHE 13 JULAI 2024

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika kwa niaba ya wasafiri 22, wakazi wa Ujiji na Mwanga, ambao jioni ya Ijumaa tarehe 12 Julai tulipanda treni katika stesheni ya Kigoma kwenda Tabora kwa ziara ya siku moja mliyotuuzia kwa shilingi 120,000 kila mmoja. Kwa mujibu wa risiti yenu, shilingi 45,000 kati ya hizo zilikuwa za siku yenyewe ya Tabora, yaani basi dogo, mwongozaji, kiingilio na chakula cha mchana, na chakula peke yake kimeandikiwa shilingi 10,000. Malalamiko yetu yanahusu siku hiyo, hasa kutofikishwa Kwihara, mahali karibu na mji wa Tabora penye nyumba ya tembe alimokaa mpelelezi wa Kizungu, Livingstone, mwaka 1872. Kuhusu treni hatuna neno, kwani ilitushusha Tabora saa 12:20 asubuhi ya Jumamosi, mapema kuliko tulivyotarajia, na usiku tukapata ya kuturudisha nyumbani salama.

Karatasi ya ratiba mliyotugawia ilisema basi lingekuwa linatusubiri nje ya stesheni. Basi halikuwepo. Ninaomba mzingatie kwamba huu ni msimu wa kipupwe, na kwamba Tabora iko juu, takribani mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, ilhali sisi ni watu wa ukingoni mwa ziwa ambao miili yetu haikuzoea baridi ile. Ninyi wenyewe mliliona hilo, maana mliahidi kwa maandishi kwamba kila msafiri angepewa blanketi la safari. Hakuna aliyepewa. Basi lilifika saa 4:15 asubuhi, na dereva akatueleza bila kificho kwamba ofisi yenu ilimtuma kwanza kupeleka watu wa harusi. Kwa muda wa karibu saa nne, watu ambao wengi wao wamevuka miaka 60 walikaa kwenye sakafu ya saruji ya stesheni.

Miongoni mwetu alikuwemo mzee mmoja wa miaka 81. Babu yake alikuwa mpagazi, mmoja wa watu waliobeba mizigo kwa mabega kati ya Ujiji na Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, katika enzi za misafara, na mzee huyu amekua akisikia jina la Kwihara tangu utotoni bila kupata kupaona. Ndiye aliyetushawishi sisi wengine tujiandikishe. Asubuhi ile alivaa kanzu na koti la sufu, na juu yake mwanamke mmoja wa kikundi chetu akamfunika kitenge chake mabegani, lakini vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kiasi kwamba mkongojo ulimponyoka mara mbili. Mama ntilie aliyekuwa anawasha moto nje ya stesheni alimwona, akamwekea kigoda karibu na jiko, akampa chai ya rangi yenye tangawizi na akakataa malipo. Mzee alikaa pale akiwa ameishika bilauri kwa mikono yote miwili bila kunywa, anajipasha joto tu. Nilipopiga simu ofisini kwenu saa 2:40 asubuhi, mfanyakazi wenu alinijibu kwamba tuvumilie kwa kuwa hiyo ni safari. Mama yule hatukuwa tumemlipa chochote, nanyi tulikuwa tumewalipa zaidi ya shilingi milioni mbili na nusu.

Muda uliobaki nao haukutumika kwa mambo tuliyoyalipia. Mwongozaji alitupeleka kwanza sokoni, kwenye duka la asali, na kutuacha hapo kwa saa moja na dakika 40. Asali ya Tabora inajulikana nchi nzima na baadhi yetu tulinunua, lakini duka hilo halimo katika ratiba. Baada ya chakula tulizungushwa mjini kwa haraka. Boma la Wajerumani tuliliona kwa nje. Shule ya Tabora, alikosoma Mwalimu Nyerere, tuliitazama kupitia dirisha la basi ambalo halikupunguza hata mwendo. Kuhusu mkutano wa TANU wa Januari 1958, ule uliopitisha Uamuzi wa Busara wa kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, hatukusikia neno, ingawa ratiba yenu iliutaja na kikundi chetu kina mabibi wawili waliokuwa wasichana wakati huo na wanaoikumbuka siku habari hizo zilipofika Kigoma.

Jambo linalofuata linaniuma zaidi kwa kuwa nilifundisha somo la historia shule za sekondari kwa miaka 31. Mwongozaji wenu alitangaza kwa kipaza sauti kwamba mwandishi wa habari Stanley, aliyetumwa kumtafuta Livingstone, alimkuta hapo Tabora, na kwamba reli tuliyokuja nayo ilijengwa na Waingereza. Ndugu Meneja, watu aliokuwa anawaambia hayo wametoka Ujiji. Mahali walipokutana watu hao wawili mwaka 1871 ni mwendo wa miguu kutoka nyumbani kwangu, na wengine wetu tumewahi kuwapeleka wageni pale mara nyingi. Walifika Kwihara pamoja mwanzoni mwa mwaka 1872, Stanley akaondoka mwezi Machi kuelekea pwani, na Livingstone akabaki katika nyumba ile ya tembe akisubiri wapagazi hadi Agosti, ndipo akaanza safari ambayo hakurudi akiwa hai. Mwaka uliofuata watumishi wake Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake kutoka mbali kusini wakapita nao Unyanyembe hiyo hiyo, wakaufikisha Bagamoyo mwanzoni mwa 1874. Ama reli, ni Wajerumani walioifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Nilipomsahihisha kwa upole alijibu kwamba hivyo ndivyo alivyoelekezwa na ofisi. Ikiwa ni kweli, basi kosa si la kijana yule peke yake, nami nisingependa yeye ndiye aadhibiwe.

Saa 10:30 jioni tulikumbusha kwamba bado hatujaenda Kwihara, ambako si mbali na mji. Dereva alisema mafuta hayatoshi na kwamba mkataba wake unamalizika saa 11. Tulijitolea kuchanga fedha za mafuta papo hapo. Mwongozaji alipiga simu ofisini kwenu, akasikiliza, kisha akatuambia ameagizwa aturudishe stesheni. Tulishushwa pale saa 11 kasorobo, na treni yetu iliingia saa 3:10 usiku. Ninaomba mliangalie jambo hili kwa makini, kwa sababu barua yenu ya tarehe 16 Julai inadai kwamba Kwihara iliachwa kwa kukosa muda. Tulikaa stesheni zaidi ya saa nne, katika baridi ileile ya asubuhi, tukiwa tumekaribia kabisa mahali tulipolipia kupaona. Mzee wetu hakulalamika. Aliniuliza mara moja tu, tulipokuwa tumekwisha keti, kama Kwihara iko upande gani. Nilimwonyesha kwa mkono, akageuza kiti chake kikaelekea huko, akakaa hivyo mpaka giza lilipoingia.

Katika barua yenu mmetupa punguzo la asilimia kumi kwa ziara yetu nyingine. Hatulipokei. Punguzo hilo linatutaka tulipe tena ili tupate kitu ambacho tumekwisha kukilipia.

Tunachoomba ni kwamba, kwanza, mturudishie shilingi 35,000 kwa kila msafiri, yaani shilingi 770,000 kwa watu wote 22. Chakula cha mchana tulikula, kilikuwa kizuri, na hatudai fedha yake. Vilevile tunaomba kampuni yenu imgharimie mzee wetu, pamoja na mtu mmoja wa kumsindikiza, safari ya kwenda Kwihara na kurudi kabla ya mvua za Novemba, kwa kulala kwenye treni na kupewa usafiri unaomsubiri anaposhuka. Hali yake ya afya haituruhusu kuliahirisha jambo hili hadi mwakani. Na mwongozaji wa ziara hiyo, au ya kikundi kingine chochote mtakachokipeleka, apewe kwanza nafasi ya kujifunza historia ya mahali anapopeleka watu. Mimi mwenyewe niko tayari kukaa naye kwa siku mbili hapa Ujiji bila malipo, na kumwazima madaftari yangu ya kufundishia.

Tunawapa siku 14 kuanzia tarehe mtakayopokea barua hii. Tusipopata majibu ya maandishi ndani ya muda huo, tutaliwasilisha suala hili kwenye Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo yenye wajibu wa kumlinda mlaji, pamoja na vielelezo vyote.

Nimeambatisha nakala ya risiti, nakala ya karatasi ya ratiba, nakala ya barua yenu ya tarehe 16 Julai, na orodha ya wasafiri 22 yenye saini zao. Mzee wetu ameweka dole gumba, kwa kuwa mkono wake wa kulia bado unatetemeka tangu tuliporudi.

Wenu katika kusubiri majibu,

Mwalimu mstaafu,
Mratibu wa wasafiri, Ujiji.